Makaa Yamekwenda Wapi?

Leo na tuanze jikoni, maana elimu nyingi kubwa zimeanzia huko. Mama wa nyumba amenunua gunia la makaa. Watu wawili wamelishusha kwa shida, likawekwa nyuma ya mlango. Kila siku mama alichota kidogo, akawasha mbabula, akapika ugali na maharage na sombe, akachemsha maji ya watoto. Gunia likapungua siku kwa siku, hata asubuhi moja alipolikung'uta halikutoka kitu ila vumbi jeusi. Na majivu yote aliyoyazoa tangu siku ya kwanza hayakujaza hata beseni moja.

Mtoto wake, mwanafunzi wa shule ya msingi, akasimama akitazama lile beseni.

«Mama, gunia lilikuwa zito hata baba hakuweza kulinyanyua peke yake. Majivu haya mimi nayabeba kwa mkono mmoja. Makaa mengine yamekwenda wapi?»

«Yameungua, mwanangu.»

«Ndiyo, mama. Lakini yakiisha kuungua, huenda wapi?»

Mama akacheka, akamtuma maji. Lakini swali lile halikuwa la kuchekwa. Watu wenye akili nyingi walilishughulikia kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini kabla ya kupata jibu lake. Tena, tutakavyoona, jibu hilo si la wenye elimu peke yao. Nyumba isiyolijua yaweza kuamka asubuhi na msiba.

Mganga wa Brussels na mti wake

Katika mji wa Brussels, Ubelgiji, aliishi mganga mmoja jina lake Jan Baptist van Helmont, aliyefariki mwaka 1644. Kitabu chake kikubwa kilipigwa chapa na mwanawe mwaka 1648. Humo twasoma kwamba alichoma ratli 62 za makaa ya mti wa mwaloni, akabakiwa na ratli 1 tu ya majivu. Mtu mwingine angalisema, «Moto umekula», akaenda zake. Van Helmont hakuridhika. Alisema ratli 61 zilizobaki hazikupotea, bali zimegeuka kitu kisichoonekana, kinachofanana na hewa, wala hakiwezi kufungiwa chomboni kama maji. Kitu hicho alikitungia jina jipya, akakiita gesi. Basi neno hili tulitumialo leo tukinunua chupa ya gesi ya kupikia, limetoka kinywani mwake.

Mtu huyo huyo alifanya jaribio jingine. Alikausha udongo, akapima ratli 200, akautia katika chungu kikubwa, akapanda mche wa mwerebi wenye uzito wa ratli 5. Miaka mitano aliunywesha maji tu. Kisha akaung'oa, akaupima: ulikuwa na ratli 169 na zaidi kidogo. Akaukausha tena ule udongo, akaupima: ulikuwa umepungua wakia mbili hivi tu. Basi zile ratli 164 za mti zimetoka wapi? Van Helmont alijibu kwamba zote zimetoka katika maji.

Jibu lake halikuwa kamili, nasi twapaswa kumhurumia. Mkono mmoja alishika makaa yanayotoweka hewani, na mkono wa pili alishika mti unaonenepa pasipo kula udongo. Majibu ya maswali yote mawili yalikuwa moja, lakini mikono yake haikukutana. Tutarudi kwenye mti huo baadaye.

Metali zinazoongezeka motoni

Wakati ule ule wahunzi na waganga waliona jambo jingine la kushangaza. Makaa yakiungua hupungua. Lakini bati na risasi zikichomwa sana mpaka zikawa unga, unga ule huwa mzito kuliko metali yenyewe. Yawezekanaje moto ukapunguza hiki na kukiongeza kile?

Mganga mmoja Mfaransa, Jean Rey, aliandika mwaka 1630 kwamba uzito ule umetoka katika hewa. Watu hawakumsikiliza. Mwaka 1673 Mwingereza Robert Boyle alitangaza kwamba amechoma metali ndani ya vyombo vya kioo vilivyozibwa, akaona uzito umeongezeka. Akadhani chembe za moto zimepenya kioo. Kumbe kosa lake lilikuwa dogo sana: alifungua chombo kabla ya kukipima, na hewa ya nje ikaingia. Mwaka 1756 Mrusi Mikhail Lomonosov alirudia kazi hiyo bila kufungua chombo, akaona uzito haukubadilika hata kidogo. Lakini habari zake hazikuenea mbali.

Wengi walishika fundisho la Mjerumani Georg Stahl, aliyesema kwamba kila kinachoungua kina ndani yake kitu kiitwacho flojistoni, nacho hutoka wakati wa kuungua. Fundisho hili lilipendeza, maana lilieleza kwa nini makaa hupungua. Lakini halikuweza kueleza kwa nini bati huongezeka. Kitu kikitoka, mzigo unazidije? Wengine walifikia kusema flojistoni ina uzito ulio kinyume cha uzito. Ndivyo yalivyo mambo: mtu akikataa kubomoa nyumba iliyopinda, huishia kupinda mwenyewe ili apite mlangoni.

Mtu wa mizani

Aliyefungua fundo hili ni Mfaransa Antoine Laurent Lavoisier, aliyezaliwa Paris tarehe 26 Agosti 1743. Alisomea sheria, lakini moyo wake ulivutwa na elimu ya vitu vya asili. Mwaka 1768, akiwa bado kijana, aliingizwa katika Chuo cha Wataalamu cha Ufaransa. Mwaka huo huo alinunua sehemu katika kampuni iliyokusanya kodi kwa niaba ya mfalme. Kampuni hiyo ilimpa mali ya kununulia vyombo vyake, na baadaye ikawa sababu ya kifo chake.

Mwaka 1771 alimwoa Marie-Anne Paulze, binti wa miaka 13 tu. Yule binti akawa msaidizi wake wa kweli. Alijifunza Kiingereza ili amfasirie mumewe vitabu vya Waingereza, aliandika hesabu za kila jaribio, na ndiye aliyechora picha za vyombo katika kitabu chao kikubwa cha mwaka 1789.

Lavoisier hakuwa na akili za kichawi. Alikuwa na mizani iliyo sahihi kuliko mizani za wenzake, na alikuwa na desturi moja: kama mwenye duka mwaminifu, aliandika kilichoingia na kilichotoka, wala hakulala mpaka pande mbili za daftari zilingane. Vitu alivyoanza navyo, pamoja na hewa yake, lazima viwe na uzito sawasawa na vitu alivyomaliza navyo, pamoja na hewa yake. Zikikosa kulingana, hakusema kitu kimepotea, alisema, «Kuna kitu sijakipima.»

Mwaka 1774 alitia bati ndani ya chupa ya kioo, akaiziba, akaipima, akaichoma mpaka bati likaanza kuwa unga, akaiacha ipoe, akaipima tena. Uzito ulikuwa ule ule. Basi hakuna chembe za moto zilizopenya kioo. Kisha akaifungua. Hewa ikaingia kwa sauti, na chupa ikawa nzito zaidi. Naye alipolipima lile bati peke yake, akaona uzito ulioongezeka katika bati unalingana na ule wa hewa iliyoingia. Bati lilikuwa limekula hewa.

Lakini hewa yote, au sehemu yake tu? Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, Mwingereza Joseph Priestley alifika Paris, akamweleza kwamba amechoma unga mwekundu wa zebaki akapata hewa ambayo mshumaa huwaka ndani yake kwa nguvu ya ajabu. Lavoisier akaelewa upesi njia ya kupita. Alitia zebaki katika chupa yenye shingo ndefu, akaiunganisha na inchi za ujazo 50 hivi za hewa, akaichoma siku 12 mfululizo. Unga mwekundu ukatokea juu ya zebaki, na hewa ikapungua karibu sehemu moja katika sita. Hewa iliyosalia ilizima mshumaa na kuua panya. Akauchukua ule unga mwekundu, punje 45 za mizani, akauchoma kwa moto mkali zaidi. Akapata zebaki punje 41 na nusu, na pamoja nayo inchi za ujazo 7 au 8 za hewa iliyowasha mshumaa vizuri mno. Na uzito wa hewa hiyo? Punje 3 na nusu hivi. Pande mbili za daftari zikalingana.

Hewa hiyo njema Lavoisier aliiita oksijeni. Basi kuungua si kutokwa na flojistoni. Kuungua ni kushikana na oksijeni.

Sheria yenyewe

Katika kitabu chake cha mwaka 1789 aliiandika sheria ambayo kila mwanafunzi wa kemia huisoma hata leo. Tuiseme kwa maneno yetu: vitu vikigeuzana, jumla ya uzito wao kabla ya kugeuka ni sawa na jumla ya uzito wao baada ya kugeuka. Hakuna kinachozaliwa pasipo kitu, wala hakuna kinachofutika. Chembe zile zile zaachana na kushikana upya, kama watu wanaobadilishana vikundi katika ngoma: vikundi vinageuka, wachezaji ni wale wale.

Ni jambo la kupendeza kwamba hakuiandika katika sura ya moto, bali katika sura ya uchachu, akieleza jinsi sukari inavyogeuka kileo. Mama zetu wanaotengeneza kasiksi ya ndizi wamekwisha kuyaona mapovu yake. Mapovu yale ni sehemu ya mzigo. Sukari kilo 100 ikichachuka yote, yaweza kutoa kileo kilo 51 hivi, na zile kilo 49 zaruka zikiwa hewa ya ukaa. Anayepima mtungi tu ataona amepungukiwa; anayepima na mapovu ataona hesabu imekamilika.

Ndugu zetu wa Katanga nao wana mfano wao. Wazee waliofua shaba tangu zamani, wakaiunda misalaba iliyokuwa mali katika nchi nyingi, walitumia jiwe la kijani liitwalo malakiti. Jiwe hilo likiwa safi kabisa, kila kilo 100 zina shaba kilo 57 na nusu hivi. Zilizobaki ni oksijeni, kaboni na haidrojeni, nazo hutoka tanurini zikiwa mvuke na hewa. Hakuna fundi, hata awe hodari namna gani, atakayepata kilo 60 humo. Sheria hii ndiyo huwazuia wadanganyifu: ajaye kukuambia ana dawa ya kuzidisha dhahabu kutoka kitu bure, mwulize atapima nini kabla na nini baada.

Mwanafunzi aweza kuona kwa macho yake. Chukua nyuzi za chuma laini za kusugulia sufuria, zioshe mafuta, zilowanishe, zibandike chini ndani ya glasi. Igeuze glasi, uisimamishe kinywa chini ndani ya sahani yenye maji. Ngoja siku chache. Chuma kitafanya kutu, na maji yatapanda ndani ya glasi, lakini hayatapita kama sehemu moja katika tano. Maji yamepanda kujaza mahali pa oksijeni iliyoingia katika chuma. Jembe lililoachwa mvuani haliliwi na kutu, kama tunavyosema. Ni lenyewe linalokula hewa na maji.

Hesabu ya mbabula

Sasa twaweza kumjibu yule mtoto. Makaa ni kaboni karibu yote, pamoja na majivu kidogo. Yakiungua vizuri, kila kilo 12 za kaboni hushikana na kilo 32 za oksijeni, zikawa kilo 44 za hewa ya ukaa. Basi gunia halikugeuka kuwa kitu chepesi. Limegeuka kitu kizito kuliko lenyewe zaidi ya mara tatu, nacho kimepita dirishani pasipo mtu kukiona.

Lakini kama dirisha limefungwa je? Hapo, wasomaji wapenzi, nawaomba mkae vizuri, kwa maana tumefika penye kufa na kupona.

Tuseme ni usiku wa mvua, mjini Bukavu au mahali pengine pa baridi. Chumba kina meta 3 kwa meta 3, na kimo chake meta 2 na nusu. Katika nchi ya mlima kama ile, hewa yote iliyomo ina uzito wa kilo 22 au 23, na ndani yake oksijeni ni kama kilo 5. Kilo 1 ya kaboni ikitaka kuungua sawasawa yahitaji oksijeni kilo 2 na gramu 670. Maana yake mbabula moja inagombea nusu ya oksijeni ya chumba kizima, na watu waliolala humo wanahitaji oksijeni hiyo hiyo.

Tena kuna hatari iliyo kubwa kuliko hiyo. Oksijeni ikipungukia makaa, kaboni haikatai kuungua. Hujitosheleza na nusu ya fungu lake. Kilo 12 hushikana na kilo 16 tu, nazo huwa kilo 28 za hewa nyingine, iitwayo monoksidi ya kaboni. Hata katika moto mzuri hewa hiyo huzaliwa katikati ya makaa mekundu; ule mwali mdogo wa buluu unaochezacheza juu ya mbabula ni hewa hiyo ikiungua. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia mapafuni hushika damu kwa nguvu inayopita ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili, wala haiiachi upesi. Mtu hupumua, lakini damu yake haibebi kitu cha kumfaa.

Fanya hesabu tena kwa sheria ile ile. Gramu 100 za kaboni, yaani konzi chache za makaa, zikigeuka hivyo zatoa gramu 233 za sumu hiyo. Katika chumba chetu kilichozibwa, hiyo ni kama sehemu moja katika mia ya hewa yote. Na kiasi hicho huua mtu kwa dakika chache. Kweli, nyumba nyingi zina nyufa, na si makaa yote hugeuka hivyo. Lakini nani apendaye kuwakabidhi watoto wake kwa nyufa?

Jambo linalowaponza wengi ni kwamba huogopa moshi. Huwasha mbabula nje, hungoja moshi uishe na makaa yawe mekundu, kisha huiingiza chumbani wakisema sasa ni salama. Au huacha maharage yakitokota usiku kucha karibu na kitanda. Moshi ni mjumbe mwenye kelele, huwasha macho na kuwakohoza watu, nao hutoka nje. Sumu hii haina mjumbe. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoua.

Wengine huweka ndoo ya maji karibu na moto, wakidhani maji yatakunywa ubaya huo. Maji hayainywi hewa hii ila kidogo sana. Wengine hulala juu ya kitanda kirefu. Haifai pia, maana hewa hiyo haitulii sakafuni; huchanganyika na hewa ya chumba chote. Kitambaa puani hakiizuii.

Kinga ni moja: mbabula isilale ndani na watu. Pika nje, au barazani, au penye madirisha yaliyo wazi pande mbili. Na ukitaka kulala, itoe nje hata kama makaa yameanza kufifia, maana yakififia ndipo yanapozidi kutoa sumu. Tena ujue dalili: kichwa kuuma na kuzunguka, kichefuchefu, miguu kulegea, usingizi usio wa kawaida. Watu wawili watatu wa nyumba moja wakiona hayo kwa pamoja penye moto, wasidhani ni malaria wala wasimtafute mlozi. Fungueni milango, tokeni wote nje, mchukueni aliyezimia mahali penye hewa safi, kisha hospitalini upesi, kwa kuwa dawa yake ni oksijeni.

Mazuku

Watu wa Goma na Sake wanalo neno mazuku. Ni mabonde madogo na mashimo, karibu na Ziwa Kivu na milima ya moto ya Nyiragongo na Nyamulagira, ambamo wanyama hukutwa wamekufa pasipo jeraha. Wengine husema ni pepo wabaya. Ni hewa ya ukaa, ndugu ya ile inayotoka katika makaa na katika kasiksi, lakini hii hupanda kutoka chini ya ardhi. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama bondeni kama maji, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Ndiyo maana mtu mzima aweza kusimama palepale mtoto au mbuzi anapoanguka: kichwa cha mmoja ki juu ya ziwa lisiloonekana, na cha mwenzake ki ndani yake. Ukimwona mtu ameanguka humo, usishuke mbio peke yako. Wengi wamelala kando ya wale waliotaka kuwaokoa.

Mti wa Van Helmont

Sasa turudi kwa ule mwerebi. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, mganga Mholanzi, alionyesha kwamba majani yakipigwa na jua hutoa hewa njema. Mwaka 1804 Théodore de Saussure wa Geneva alionyesha kwa mizani kwamba mti hupata kaboni yake katika hewa ya ukaa, na maji nayo huongeza sehemu yake. Basi nusu hivi ya uzito wa ubao mkavu ni kaboni iliyokuwa ikielea hewani. Van Helmont alinywesha mti wake maji miaka mitano, na kumbe majani yalikuwa yakila gesi ile ile aliyoipa jina mwenyewe.

Hapo mikono miwili inakutana. Mti hukusanya kaboni kutoka hewani miaka ishirini au thelathini. Sisi huirudisha hewani kwa majuma machache. Na katika tanuru la udongo hasara huzidi, kwani kuni kavu kilo 100 mara nyingi hazitoi hata kilo 20 za makaa. Zilizobaki huenda na moshi. Tukikata bila kupanda, daftari haifutiki. Inaonyesha deni tu. Kabla ya viwanda kuenea duniani, hewa ya ukaa ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila milioni ya hewa. Leo imepita 420. Yaliyochomwa hayakupotea. Yapo juu yetu, yamepimwa.

Mpaka wa sheria

Mwenye kuuliza sana ataniuliza: je, sheria hii haina mpaka? Hans Landolt alipima vyombo vilivyozibwa kwa miaka mingi hata mwaka 1908, asione badiliko lolote. Lakini mwaka 1905 Albert Einstein alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba nguvu nayo ina uzito wake. Kilo moja ya makaa ikiungua hutoa joto ambalo uzito wake haufiki hata sehemu moja katika milioni ya gramu. Hakuna mizani ya duka wala ya shule itakayouona. Ila ndani ya kiini cha chembe mambo ni mengine. Urani iliyochimbwa Shinkolobwe, katika Katanga yetu, ilitumika katika kazi ya mabomu ya mwaka 1945. Na katika bomu la Hiroshima uzito uliogeuka nguvu haukufika gramu moja. Kwa mbabula, kwa jembe na kwa mtungi, sheria ya Lavoisier inasimama.

Mwenyewe hakuzeeka. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa wakusanya kodi wote wa ile kampuni walishitakiwa. Tarehe 8 Mei 1794 Lavoisier alikatwa kichwa Paris, na baba mkwe wake aliuawa siku ile ile. Marie-Anne alipoteza baba na mume kwa siku moja. Aliishi hata mwaka 1836, naye ndiye aliyeyakusanya maandiko ya mwisho ya mumewe yakapigwa chapa.

Basi mama, mwanao akirudi na ndoo ya maji, na akiuliza tena makaa yamekwenda wapi, usimtume mara ya pili. Mwambie hayakupotea. Yamekwenda hewani, mazito kuliko yalivyokuja, na siku moja mti utayaokota. Kisha mshike mkono, mwitoe mbabula nje pamoja, ndipo mfunge mlango mkalale.